Kwenye Simu Bado Yumo

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, huwajibu kwa mkato kwamba najibu maswali ya mashine. Wakitaka maelezo zaidi nakereka, maana najua wataanza kupiga miayo kabla sijafika katikati. Lakini hapa sina budi kueleza, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Anwani ya mtandaoni ni moja. Ukiiuliza kwa kompyuta, kwenye kivinjari, seva yetu, yaani mashine inayotunza habari zote, inakujibu kwa ukurasa uliopambwa, wenye rangi, picha na vitufe. Ukiiuliza kwa programu ya simu, inakujibu kwa data tupu, maneno na tarakimu zisizo na nguo, halafu simu yenyewe inazivisha inavyopenda. Swali ni lile lile na habari ni zile zile, ila seva inamtazama kwanza anayeuliza ni nani. Na usiniambie hilo ni jambo geni. Mama mkwe akiuliza habari za ndoa yako anapewa jibu lake, na shoga yako akiuliza anapewa lake.

Kampuni yetu ni vyumba viwili juu ya duka la rangi, na tukifungua madirisha tunalewa harufu. Mimi nashika seva na kurasa za kompyuta. Programu za simu anazishika mwenzangu tunayemwita Kidole, kwa sababu anaandika kwa kidole kimoja na bado anatushinda wote kwa kasi. Kazi tuliyojivunia kuliko zote ni mfumo wa geti la shule ya chekechea. Karani wa shule ana kompyuta ofisini, mlinzi ana simu getini. Anayekuja kumchukua mtoto anasimama nyuma ya mstari wa njano. Mlinzi anatafuta jina la mtoto, zinamtokea sura za wenye ruhusa, analinganisha, anabonyeza "Amekabidhiwa", na mtoto anatoka. Bila ruhusa, hata uwe unalia machozi ya damu, mtoto hatoki.

Shule hiyo ndiyo aliyokuwa akisoma mtoto wa kaka yangu. Nyumbani tulimwita Jemadari, kwa sababu tangu aanze kusema alikuwa akitoa amri tu: leta maji, funga mlango, shangazi usicheke. Kaka yangu alimwita hivyo na jina likaganda. Kisha figo zikamshinda kaka, tukamzika, na mimi ndiye niliyeingia kwenye mfumo kumwondoa kwenye wenye ruhusa, kwa sababu wifi yangu alishindwa hata kuitazama ile picha. Nilibonyeza huku nalia. Baada ya hapo mimi na wifi tukagawana siku za kumchukua mtoto.

Siku yenyewe ilikuwa zamu yangu. Nilichelewa kidogo, nikakuta vumbi la wazazi wengine limeshatulia na mlinzi anakunja kiti chake. Mlinzi huyo, aliyeajiriwa baada ya msiba wetu, ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru, na wote tunamwita mama mlinzi. Yeye ananiita shangazi, kwa kuwa ndivyo mtoto anavyoniita.

"Shangazi, umesahau nini?"

"Nimesahau mtoto," nikamtania. "Nitolee Jemadari wangu."

"Si ameshakwenda? Baba yake amemchukua sasa hivi."

Nilidhani ni utani, na ulikuwa utani mbaya. "Mama, baba yake gani?"

"Ana mababa wangapi?" akasema, naye akakunja uso.

Sikungoja maelezo. Nilitoka nje mbio, begi linanipiga mgongoni. Ng'ambo ya geti kuna benchi la duka la vifaa vya shule, na siku kadhaa zilizopita nilikuwa nimemkuta Jemadari amekaa pale akining'iniza miguu. Sikulipenda jambo hilo, lakini nilidhani wifi ndiye aliyepanga na mlinzi mtoto angojee nje tukichelewa. Sasa benchi lilikuwa tupu. Nikaangalia juu, nikaangalia chini. Nilimwona mbali, kwenye kona inapoanza barabara kubwa, yuko peke yake anatembea polepole na begi lake la mgongoni. Mkono wake mmoja ulikuwa umeinuliwa juu, kama mtoto aliyeshikwa mkono na mtu mrefu.

Niliita jina lake la kweli, lile tunalolitumia tukikasirika. Akageuka. Ule mkono ukabaki juu kidogo, halafu ukashuka.

"Shangazi usipige kelele," akaniambia. "Umemfukuza."

Nilimbeba, mzito vile, mpaka getini, na huko nikamwaga hasira zote nilizokuwa nazo na nyingine za akiba. Nilimwambia mama mlinzi kwamba amemtoa mtoto kwa mhuni, kwamba kazi imemshinda, kwamba nitamfikisha kusikofikika. Alinisikiliza amekunja mikono. Nilipoishiwa pumzi akanipa simu yake ya kazi.

"Soma mwenyewe. Halafu unitukane tena kama utaweza."

Chini ya jina la Jemadari kulikuwa na sura tatu. Wifi yangu, mimi, na kaka yangu. Picha yake ilikuwa ile ile ya zamani, amevaa shati la mistari, na pembeni alama ya kijani ya ruhusa.

Karani alikuwa ametoka ofisini kusikiliza ugomvi. Akarudi kwenye kompyuta yake, akafungua ukurasa wa mtoto, akatugeuzia kioo. Sura mbili tu. Wifi na mimi.

"Mimi kila siku nakaa dirishani hapa," karani akasema kwa sauti ndogo. "Namwona mama mlinzi anasalimiana na mtu. Mtu mwenyewe simwoni. Nilifikiri mwenzangu amechoka, nikaona aibu kusema."

"Nimechoka nini?" mama mlinzi akang'aka. "Mwanamume mzima, ana kovu hapa kidevuni, anaongea taratibu, hata mstari wa njano havuki mpaka nibonyeze. Wangapi hapa wana adabu hiyo? Siku zote anakaa na mwanawe kwenye benchi, mkija mnamchukua. Leo ameomba kwenda naye mbele kidogo. Ruhusa anayo, nimkatalie kwa lipi?"

Kovu la kidevu kaka alilipata utotoni, alipoanguka na baiskeli. Kwenye picha ile halionekani, maana ameinamisha uso. Nilimwambia mama mlinzi kwamba mtu huyo amefariki. Alinitazama, akatazama simu, akakaa kwenye kile kiti chake kilichokunjwa nusu.

Jioni nilimweleza wifi yangu jikoni, mtoto akiwa sebuleni anachora. Nilitegemea apige yowe. Alizima jiko, akaniuliza, "Alikuwa amevaa nini?"

"Wifi, mimi sikumwona."

"Muulize mlinzi," akasema. "Kama ni lile koti la kijivu, nilimwambia asilivae, kifungo kimoja hakipo." Kisha akaketi chini sakafuni na kulia, nami nikaketi naye.

Tulipotulia tukakaa mezani, tukamwita Jemadari. Wifi akamuuliza baba huwa anamwambia nini.

"Anauliza tumekula nini," mtoto akasema. "Anasema kule anakokaa kumetulia sana. Hakuna mtoto hata mmoja. Kesho nitakwenda kupaona, halafu nitawaambia."

Wifi alinishika goti chini ya meza mpaka likaniuma. Kazini kwake walikuwa wameshamnyima ruhusa ya kukaa nyumbani, na mtoto hakuwa na mtu wa kumwangalia mchana. Nilimwahidi kwamba nitakuwa getini kabla kengele haijalia, na kwamba huyo anayejiita baba, awe nani awe nani, hatatoka na mtoto.

"Na kama ni yeye kweli?" wifi akauliza.

Niliinuka nikawasha tena jiko.

Asubuhi nilimvaa Kidole kabla hajavua hata kofia ya pikipiki. Tulifungua kazi zetu mbili na kuziweka bega kwa bega, na kosa likaonekana bila kutafutwa. Bosi wetu ana sheria moja asiyoilegeza: usifute kitu. Mteja akikuambia futa, wewe weka alama kwamba kimeondolewa, kwa sababu wiki ijayo atakuja akilia anakitaka. Kwa hiyo siku ile nilipomwondoa kaka yangu, hakufutwa. Aliwekewa alama. Ukurasa wangu wa kompyuta ukikutana na mwenye alama hiyo unamruka, haumchori. Lakini simu inapouliza, seva inaipa kila kitu, wenye alama na wasio nayo.

"Mimi nilijua wewe unawachuja kwenye seva," Kidole akasema.

"Na mimi nilijua wewe unawachuja kwenye simu."

Tukatazamana. Kosa la namna hii hutalipata kwa fundi mmoja anayefanya kazi zote. Lazima wawe wawili wanaoaminiana.

"Kwa hiyo kila aliyewahi kuondolewa," Kidole akasema, kidole chake kikiwa hewani, "kwenye simu ya mlinzi bado yumo. Yaya aliyefukuzwa, dereva wa zamani, wote."

"Wote."

"Basi hapo kuna jibu. Kuna mtu anajua hilo, amejifananisha na kaka yako. Chuja sasa hivi kwenye seva. Mstari mmoja tu, tumemaliza."

Niliuandika ule mstari. Ni mfupi, hata aibu kuuonyesha: usiipe simu jina la mtu mwenye alama ya kuondolewa. Niliujaribu kwenye mashine yangu, ukafanya kazi. Kilichobaki ilikuwa kubonyeza kitufe ili uende kwenye seva ya kweli. Sikubonyeza.

"Unangoja nini?" Kidole akauliza.

"Mchana. Nataka nikabonyeze nikiwa getini."

"Una wazimu? Kuna mtoto pale!"

"Nitakuwa mimi mwenyewe pale."

Nilimwambia nataka kumkamata huyo tapeli kwa mikono yangu. Huo ulikuwa uongo, na Kidole, ambaye si mjinga, aliinama akaanza kufungua kofia yake ya pikipiki taratibu ili asinitazame. Ukweli ni kwamba tangu mama mlinzi alipotaja lile kovu, nilikuwa nataka kitu kimoja tu. Nilitaka kumwona kaka yangu.

Nilifika getini mapema. Nikaweka kompyuta yangu ndogo juu ya meza ya mama mlinzi, nikaifungua, kila kitu tayari. Wazazi wakaanza kuja mmoja mmoja, wanasimama nyuma ya mstari, wanasalimia, wanapewa watoto wao, wanaondoka. Karani alikuwa dirishani pake. Jemadari alitolewa darasani, akaja akasimama ndani ya geti karibu na kiti cha mlinzi, begi mgongoni, kama abiria anayeijua saa ya safari.

"Yule anakuja," mama mlinzi akasema.

Nilitazama alikotazama. Kulikuwa na barabara, mbwa amelala kivulini, na mwanamke anafagia mbele ya duka. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Karibu baba Jemadari," mama mlinzi akasema, sauti yake imepungua unene. Macho yake yalikuwa yamesimama kwenye kimo cha mtu mrefu, nyuma kidogo ya mstari wa njano. "Simama hapo hapo tafadhali. Leo kuna shughuli kidogo."

Niligeuka nikatazama dirishani. Karani alinitikisia kichwa: hamna kitu. Niliitazama ile sehemu tupu ya saruji mpaka macho yakauma, na wazo likanijia, wazo la kazini kabisa, la kipumbavu. Karani anauliza kwa kompyuta. Mama mlinzi anauliza kwa simu. Mimi maisha yangu yote nimekuwa upande wa kompyuta.

"Mama, niazime simu."

Niliishika. Niliandika jina la mtoto, zikatokea sura tatu, nikaigusa ya tatu. Kisha nikainua macho.

Alikuwa amevaa koti la kijivu. Kifungo kimoja hakikuwepo. Alisimama vile alivyosimama siku zote, uzito wote mguu mmoja, mikono nyuma, viatu vyake nchani kabisa mwa mstari bila kuukanyaga. Hakuwa amekonda kama siku za mwisho. Alikuwa tu kaka yangu, mchana kweupe, ila kwamba vumbi la barabara lililokuwa likinigonga usoni lilikuwa halimgongi yeye, na koti lake halikupepea.

"Kelele," akaniambia. Ndivyo alivyoniita tangu tukiwa wadogo, kwa ajili ya mdomo wangu. "Mbona unanikodolea macho?"

Nilitaka kumrukia shingoni. Nasema wazi: nilisahau mtoto, nilisahau geti, nilitaka nimrukie shingoni kaka yangu nimwambie kwamba nyumba imekuwa kubwa mno bila yeye. Lakini miguu ilikataa kuvuka ule mstari.

"Umekuja kufanya nini, kaka?"

"Swali gani hilo? Nimekuja kumchukua mwanangu."

"Unampeleka wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwako wapi?"

Alikuna lile kovu la kidevuni. Aligeuka akatazama kule barabara inakokwenda, kama mtu aliyeulizwa jina la mtaa anaoujua vizuri na likampotea. Aliponigeukia tena, uso wake ulikuwa mpole lakini ndani yake hamkuwa na mtu aliyekuwa akinijali mimi.

"Kumetulia," akasema. "Hujui kulivyotulia. Nikiwa na mtoto mmoja tu, patachangamka."

"Baba, nimekuja na rangi zangu," Jemadari akapaza sauti. "Tutachora huko?"

"Tutachora, mwanangu."

Mtoto akapiga hatua mbele. Nikamshika begi kwa mkono mmoja. Kaka alimtazama mama mlinzi, siyo mimi, akasema kwa adabu ile ile, "Dada, bonyeza tafadhali. Ruhusa ninayo."

Mama mlinzi alinitazama mimi. Jasho lilikuwa limemjaa juu ya mdomo. "Shangazi, fanya unachofanya. Mimi siwezi kumkatalia mwenye ruhusa, na siwezi kumpa mtoto huyu."

Niliiegemea meza, nikaivuta kompyuta, nikatafuta kile kitufe. Machozi yalinizuia kuona. Nilipomwondoa mara ya kwanza hakuwa amesimama akinitazama.

"Nisamehe kaka," nikasema, nikabonyeza.

Kompyuta ikazunguka kidogo, ikaandika kwamba kazi imepokelewa. Niliinua macho. Bado alikuwa amesimama. Ameinyoosha mikono, na Jemadari alikuwa ameponyoka kwenye begi, begi nimebaki nalo mimi, na yeye yuko hatua moja kutoka kwenye mstari.

Nilidhani nimekosea. Kisha nikakumbuka Kidole na ujanja wake wa kuokoa bando: simu hutunza jibu la mwisho ililopewa, na haiulizi tena mpaka uilazimishe. Seva ilikuwa imeshabadili jibu. Simu ilikuwa bado inalishikilia la zamani.

"Mama, chukua simu! Weka kidole juu, buruta kwenda chini!"

"Nini?"

"Buruta! Kioo! Kishushe!"

Alininyang'anya simu, akabandika kidole gumba kwenye kioo, akakiburuta. Kile kiduara cha kungoja kikazunguka. Jemadari akaweka kiatu chake kidogo juu ya rangi ya njano. Kiduara kikasimama, na mama mlinzi akasoma kwa sauti, sauti ya kazi, ile inayowatuliza hata walevi.

"Samahani baba. Wenye ruhusa ni mama yake na shangazi yake. Wewe humo humu."

Saruji ikawa tupu. Sikuona akiondoka. Alikuwepo, akawa hayupo, kama mtu unayemkosa unapopepesa macho. Nilimvuta Jemadari ndani ya mstari, nikapiga magoti, nikamkumbatia kwa nguvu hadi akalalamika. Dirishani karani alikuwa ameweka viganja viwili mdomoni. Mama mlinzi aliangalia barabara kushoto, akaangalia kulia, kisha akacheka kicheko cha kuishiwa nguvu.

"Hayupo," akasema. "Shangazi, hayupo! Umemwondoa!"

Na mimi nikacheka, na kamasi zinanitoka. Nilikuwa najivunia. Mstari mmoja wa maneno, na mtoto yuko mikononi mwangu.

Jemadari hakucheka. Alikuwa ameinua uso juu ya bega langu, anatazama mahali pale pale, kimo kile kile cha mtu mrefu. Kichwa chake kilikuwa kimeinama kidogo upande mmoja, kama anavyofanya akisikiliza.

Hapo ndipo nilipoelewa. Yule mtoto hakuwahi kuuliza kitu kwa simu wala kwa kompyuta. Alikuwa anamwona baba yake tu. Siku zote karani alizotazama dirishani akaona patupu, pale hapakuwa patupu. Ukurasa wangu haukuwahi kumwondoa kaka yangu. Ulimficha. Na sasa nimemficha kwenye simu pia.

"Jemadari," nikanong'ona. "Baba yuko wapi?"

"Si huyo hapo. Anasema sawa." Akasikiliza tena. "Anasema mimi hawezi kunichukua, kwa sababu hana ruhusa. Hajakasirika."

"Mwambie ahsante. Mwambie arudi akapumzike."

"Anauliza," mtoto akasema, "shangazi yeye anaruhusiwa kuchukuliwa na nani?"

Mama mlinzi ni mtu wa kazi yake, na swali la ruhusa likiulizwa getini kwake lazima alijibu. Nilimwona anaandika jina langu kwenye simu. Akatafuta. Akaandika tena, labda alikosea herufi. Nilitaka kumwambia asijisumbue, maana mfumo nimeutengeneza mimi, najua nani yumo na nani hayumo.

"Hakuna, shangazi," akasema kwa sauti ya kuniomba radhi. "Humu ni watoto tu ndio wana watu wa kuwachunga. Mtu mzima anaondoka na yeyote."

Nilisimama. Mkono wangu wa kulia ulikuwa begani kwa Jemadari. Wa kushoto ulikuwa unaning'inia tu, hauna kazi, na kitu kikaushika. Kiganja kikubwa, kikavu, chenye baridi ya sakafu ya asubuhi. Kidole gumba kikatulia juu ya vifundo vya vidole vyangu na kuvibana kidogo, vile kaka alivyokuwa akinibana tulipovuka barabara, mimi mdogo, yeye mkubwa, ili nisiponyoke.

"Shangazi, amekushika wewe," Jemadari akasema, na kulikuwa na wivu katika sauti yake.

Nilijua natakiwa kuutoa mkono wangu. Nilijua vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale. Lakini nilikuwa nimemkosa sana kaka yangu, na kiganja kile kilinivuta kwa upole, bila haraka, kuelekea ng'ambo ya mstari. Nilimsukuma Jemadari taratibu mpaka mgongo wake ukagusa magoti ya mama mlinzi.

"Mama," nikasema, "mpigie wifi yangu aje amchukue mtoto. Mimi natoka kidogo."